Sauti Kwenye Laini ya Kolo

Haya yalimkuta Geofrey, jirani yetu wa pale Chang'ombe, Dodoma mjini. Alikuwa fundi wa simu za waya, kijana tu, na kazini aliwadharau wote, wakubwa kwa wadogo.

Asubuhi hiyo aliingia stoo akipiga mluzi. Alikuwa ametumwa kwenye zahanati ndogo bondeni nyuma ya Kolo, ambako mtandao wa simu za mkononi haufiki. Simu yao ya mezani ilikuwa inakoroma tu.

Anastazia, mtunza stoo, alimwekea vifaa viwili mezani. Kimoja kilikuwa mashine mpya yenye kioo. Unaiunga kwenye waya, inakuonyesha kasoro iko umbali gani. Kingine kilikuwa simu ya kupimia, yenye vibanio vya kung'ata waya. Hiyo unaiweka sikioni.

"Kaka Geofrey, kwa laini ile chukua hii ya kioo," alisema kwa sauti ya chini. "Hii unaitazama. Ile inabidi usikilize."

"Kwani nikisikiliza?"

"Lameck, fundi mwenzako, alisikiliza. Akaacha kazi, na mpaka leo hasemi kwa nini."

Geofrey alicheka hadi akashika meza. "Lameck! Yule hata redio inamtisha. Mashine ya kioo ni ya mafundi viziwi, dada." Akabeba ile ya kusikiliza, akaondoka.

Alifika Kolo jua likiwa utosini. Muuguzi, Debora, alimpokea vizuri: "Karibu, kaka." Akamwonyesha nguzo iliyo juu ya kilima. Geofrey aliitazama ile zahanati ya bati lililochakaa, akasonya. Akapanda kilima, akaparamia nguzo.

Alibana vibanio kwenye waya. Mkoromo. Maji yameingia kwenye maungio, alijisemea; kazi ya kitoto.

Ghafla mkoromo ukakoma.

Kulikuwa na mtu anapumua.

"Nani anachezea laini?"

"Huamkii?" Sauti ya bibi kizee. Kavu. Karibu mno.

"Sina muda wa kuamkia vikongwe. Weka simu chini."

Upepo ulitulia.

"Basi nitakuamkia mimi," bibi alinong'ona. "Shikamoo, Geofrey."

Jina lake hakuwa amemtajia mtu yeyote huko. Alitaka kutukana. Ulimi ukakataa. Likamtoka neno jingine.

"Marahaba."

Bibi akacheka. Kilikuwa kicheko cha msichana.

Laini ikawa safi kabisa. Geofrey akaanza kushuka. Magoti yalimuuma. Mikono ilitetemeka. Alilaumu jua. Chini alimkuta Debora, ameinamisha kichwa kwa adabu.

"Shikamoo, babu. Hujamwona fundi huko juu?"

Geofrey alikwenda kwenye gari lake, akajitazama kwenye kioo cha pembeni. Akakaa chini, vumbini.

Alivyoendesha hadi mjini hakumbuki. Jua likizama alibisha hodi kwa mama yake. Mama alifungua, akapiga goti kidogo.

"Shikamoo, baba. Unamtafuta nani?"

Geofrey akageuza uso, akalia. Ndipo mama akaliona sikio la kulia, lile alilosikilizia. Halikuwa na mkunjo hata mmoja. Jeusi, laini, linang'aa. Sikio la kijana kwenye kichwa cha kikongwe.

Mama alilishika kwa vidole viwili, polepole, akamtambua mwanawe.