Sweta ya Kwanza Hufuliwa

Kila jioni akitoka shule, Lorine alishika uzi kabla hata ya kuvua soksi. Chumba cha mbele cha nyumba yao, pale mtaani Nyalenda, ndicho kilichokuwa karakana ya Aoko na Wana, wafumaji wa sweta za shule. Baba yake, Absalom, aliendesha mashine za kufuma. Terry, mfanyakazi wao, aliunganisha mikono na kola. Nyanya yake, Aoko, ambaye wote walimwita Dani, alikagua kila mshono.

Dani hakusahau kitu. Alianza kule Usenge, ufuoni mwa ziwa, na vijiti viwili, akiwafumia wavuvi wa omena, dagaa wa ziwani, waliotetemeka kwa baridi. Uzi wa kwanza alipewa kwa kuaminiwa tu na mzee mmoja, muuza uzi wa soko la Kibuye aliyehamia kutoka Nyeri. Sasa duka hilo lilikuwa la mwanawe, Mbugua. Baadaye kiwanda cha nguo cha mjini kikafungwa. Mitumba ikamwagwa kila soko, na wafumaji wengi wakauza mashine zao kama vyuma chakavu.

"Kuna mkubwa gani aliyetuuliza tutakula nini?" Dani aliuliza kila mara, macho yakiwaka. "Tulibaki kwa sababu sweta yetu haimwaibishi mtu."

Ndiyo maana walikuwa na desturi. Uzi mpya ukifika, sweta ya kwanza ilifuliwa kwa maji moto pamoja na shati jeupe. Rangi ikitoka, uzi ulirudishwa. Kazi hiyo ilikuwa ya Lorine.

Siku Mbugua alipoleta uzi wa rangi ya maruni, rafiki yake Ajwang alichungulia mlangoni. "Wewe Lorine, mechi imeanza! Ama umeolewa na hilo beseni?"

Lorine alicheka. Aliinyunyizia sweta maji, akaitundika kambani, akakimbia.

"Umefua?" Baba aliuliza jioni.

"Nimefua, Baba. Haitoi rangi."

Sweta zikafumwa, zikapelekwa shuleni. Kisha mvua ikawakuta wanafunzi gwarideni, na mashati yao meupe yakageuka mekundu. Sweta zote zikarudishwa kwa magunia.

Baba alishika njia ya Kibuye, hasira imempanda, Lorine akimfuata nyuma.

"Mwizi wewe, Mbugua!" alifoka mbele ya duka. "Umetuuzia takataka!"

"Bwana Absalom, si nilikuambia rangi hii ni ngeni kwangu? Nilisema mfue kwanza."

"Tulifua! Mtoto wangu alifua!"

Watu wakaanza kukusanyika. "Hawa watu wa kuja ndivyo walivyo," mmoja akadakia. "Aende kwao!" Mwingine akapiga teke koni za uzi, zikabingirika matopeni.

 Mbugua alianza kuvuta mlango wake wa mabati, haraka, bila kuutazama, kama mtu aliyewahi kuufunga hivyo siku mbaya zaidi. Lorine akamvuta Baba mkono. 

"Baba, sikufua."

"Unasema nini?"

"Niliinyunyizia maji tu. Nilienda kucheza. Mbugua hana makosa!"

 Yule aliyedakia akajifanya anachagua vitunguu.

Kesho yake Dani aliwaongoza wote wawili hadi pale pale dukani, saa ambayo soko limejaa. Absalom aliomba msamaha kwa sauti ile ile aliyotukania. Lorine naye aliomba, akilia. Mbugua alikubali, akawabadilishia uzi. Familia nzima ilifuma upya, na shule ikapokea sweta zake.

Lakini Mbugua, ambaye zamani aliuleta uzi mwenyewe akakaa kunywa chai na kumtania Dani, sasa aliutuma na mtu wa mkokoteni.

"Dani, Mbugua atarudi lini?" Lorine aliuliza, mikono ikiwa ndani ya beseni.

 "Sijui, mjukuu wangu. Mji huu niliwahi kuuona ukitafuta wa kulaumiwa. Maduka ya waliotoka mbali yalichomwa; moshi wake naukumbuka. Wewe ulidanganya kuhusu sweta moja, lakini kuna watu wamekaa wakingoja uongo kama huo wauwashie moto. Baba yako naye alikimbilia kutukana kabla ya kuuliza. Ukikosea, sema mapema, uongo ungali mdomoni mwako, haujafika sokoni."

Akainua shati jeupe la mwanafunzi lililoingia rangi siku ile ya mvua. "Hili tutalichemsha, litatakata. Jina la mtu je? Utalichemshia wapi?"

Lorine aliinama, akaendelea kufua.