Ngumi za Genta, Panya wa Chigusa

Siku Chigusa Morioka alipokutana na Genta, mtu alikuwa anapigwa. Mchana wa Jumamosi, mtaa wa Shinsekai, Osaka, watu wamebanana kwenye vibanda vya vibonge vya pweza. Mlevi mmoja alikuwa ameng'ang'ania kasha la barafu la Chigusa, akidai amempiga kikumbo. Akatokea kijana mwenye jaketi jekundu la mazoezi, akasimama katikati. Mlevi akamchapa ngumi ya shavu, akamwongeza ya sikio, akamwongeza ya kipaji cha uso, damu ikachuruzika. Kijana mikono kaitia mifukoni, haitoi. Polisi walipomburura mlevi, Chigusa akampa leso.

"Mbona hukumrudishia? Mwili wote huo ni pambo?"

"Mimi bondia wa kulipwa, dada. Nikimgusa mtu mtaani, leseni imekwenda." Akalitazama kasha. "Humo mna nini cha kupigiwa hivi? Pweza?"

"Bongo za panya."

"Za kukaanga?"

Chigusa alicheka mpaka akashika ukuta. Mapenzi hayana adabu bwana, huingia hata pua ikivuja damu.

Chigusa alikuwa mtafiti wa chuo kikuu. Kazi yake, msishtuke, ilikuwa kuwalaza panya kwa dawa ya usingizi, kuwapiga kichwani kwa kichuma, kisha kupima katika bongo zao kitu kiitwacho D-serini, asidi amino ambayo ubongo hujitengenezea wenyewe. Genta akawa anamtania: "Tumeumbiana sisi. Wewe unapiga vichwa, mimi nauza changu."

Lakini simu zikaanza.

"Mpenzi, tulisema tukutane wapi?"

"Umeniuliza asubuhi, Genta."

"Mimi?"

"Na jana pia."

Mara ya kwanza Chigusa alicheka. Baadaye kicheko kikamkauka. Wakiwa mbele ya bakuli za tambi alimweleza taratibu: "D-serini ni kama chumvi. Ikiwa kiasi, seli za ubongo zinasikilizana, mtu anajifunza, anakumbuka. Ila kichwa kikipigwa, ubongo unaimwaga ovyo, na ikizidi inaharibu viungio vya seli vile vile ilivyokuwa inavitunza."

Sikio la kufa halisikii dawa. Genta alisikia lile la kukumbuka tu, mengine akayameza na tambi.

Siku chache kabla ya pambano la mkanda, mlangoni kwa Chigusa, alikata kipande cha bendeji anayofungia mikono, akamzungushia kidoleni. "Pete sina bado. Nataka kukuoa."

Chigusa alimpenda yule mtu, alimpenda vibaya sana, na ndiyo maana aliogopa. "Utoke ulingoni kwa miguu yako, ndipo nitakujibu."

"Ukali wote huo, mama?"

"Kwa miguu yako, Genta."

Jumapili ya pambano, mchana, simu ikalia. "Kipenzi, leo sisahau kitu. Wiki nzima nimekula ile D-serini yako. Nimeiagiza mtandaoni."

"Genta, usipande ulingoni. Unasikia? Hayo mapigo yataimwaga ya kwako, na wewe umeshaongeza nyingine. Nini kitatokea hata mimi sijui, hakuna anayejua."

"Tiketi zimekwisha, mpenzi. Njoo unitazame." Akakata.

Chigusa alikimbia na koti la maabara mwilini. Alipofika ukumbini, raundi ya sita, jicho la kushoto la Genta limefumba na damu imelowesha bukta yake nyeupe. Mpinzani alimpiga ubavuni, alipoinama akamfumua kidevu. Akaanguka, akainuka, kisha akaanza kwenda kwenye kona ya adui akidhani ni yake. Ukumbi ukacheka. Chigusa hakucheka, panya wake walikuwa wanatembea hivyo hivyo.

"Mzee Kitaoka, rusha taulo," alimwambia mwenye klabu ya ngumi ya Genta.

"Nani kamruhusu huyu mwanamke? Ana moyo wa simba yule, atashinda."

Ngumi nyingine ikatua sikioni, sauti ikasikika kama ubao unapasuka. Chigusa akalinyakua taulo begani kwa mzee. Mzee akamkamata mkono akaupinda, Chigusa akamng'ata mpaka akaonja damu, akalirusha taulo katikati ya ulingo. Mwamuzi aliona taulo tu, hakuona mrushaji. Kengele ikalia, pambano likaisha. Genta alishuka kwa miguu yake, akapita mbele ya Chigusa bila kumtazama.

Siku ya pili simu ikalia kutoka hospitali.

"Umeniua mbele ya watu, Chigusa. Kwa nini?"

"Kwani hujui kwa nini?"

"Ningejua ningeuliza? Usinipigie tena."

Chigusa akaelewa kwamba uchumba umevunjika, na kwa hasira ya kupendwa kisha kutupwa, hakupiga. Alilia juu ya vizimba vya panya. Huku nyuma Genta alipiga ngumi ukuta wa klabu na kioo cha klabu mpaka vidole vikavunjika, akidhani amesalitiwa. Wajinga wawili, na kila mmoja anangoja mwenzake aseme.

Vuli ilipofika, watu wa maabara walikusanyika kama kila mwaka mbele ya jiwe la kumbukumbu ya wanyama waliokufa kwa ajili ya utafiti, kila mtu na ua lake la krisanthemumu. Chigusa, gauni jeusi, alikuwa anawasha ubani alipoona suti iliyobana mabega. Genta aliinama, akamwaga mbegu za alizeti mbele ya jiwe.

"Nimekuja kuwapa pole wenzangu," alisema. "Daktari kasema damu ilishavuja kichwani. Raundi moja zaidi ningezikwa. Ngumi basi, na ule unga wa D-serini nimeutupa." Akasogea karibu. "Chigusa, kuna neno sijawahi kukwambia. Nataka kukuoa."

Chigusa akafungua mkoba, akatoa kipande cha bendeji kilichokunjika.

"Ulishaniambia. Ulinifunga hiki kidoleni."

Uso wa Genta ukapauka. "Nikasahau?"

"Ukasahau."

"Ukanijibu nini?"

"Kwamba nitakujibu ukitoka ulingoni kwa miguu yako. Ndiyo maana nikarusha taulo."

Genta akapiga magoti kwenye majani makavu, akalia bila kujificha, wasomi wote wanamwona. Chigusa akapiga magoti naye, akamnyooshea kidole amfunge.

"Jibu ni ndiyo," alisema. "Ukisahau, niulize tena."