Mbuzi wa Phinées

Kipimo kilisoma thelathini na nane nukta mbili, na foleni nzima ikarudi nyuma hatua moja.

Ilikuwa Januari 2020, kwenye kizuizi cha kuingilia Beni. Kila abiria alishuka garini, akanawa mikono kwa maji ya klorini, akapimwa joto kwenye paji la uso, maana Ebola ilikuwa haijaisha. Mwenye homa hakupita. Eliane Kavira alizijua sheria hizo vizuri: kila wiki aliteremsha shu, yaani kabichi, na vitunguu vya majani, poireau, kutoka Butembo, akapandisha mafuta ya mawese. Siku hiyo alivaa kikwembe cha kijani chenye ndege wa manjano, na juu yake sweta nzito ya baridi ya kwao, naye alikuwa amekaa juani juu ya mizigo tangu asubuhi.

"Siko mugonjwa," alisema. "Ni hii sweta."

"Batu bote banasemaka vile," alijibu kijana mwenye kipimo.

Lakini hakumpeleka kwenye hema la wagonjwa. Alimwambia avue sweta akae kivulini dakika kumi, kisha akaketi naye, mita mbili kando. Akataka kujua ndege wa kikwembe wanaitwaje. Eliane akamjibu kwamba ndege hawajambo, aeleze kwanza habari za buti zake, maana zilimpita mguu kama za kuazima.

"Ni za kazi," alisema kijana. "Balituletea numero moja tu, arobaini na tano."

"Basi fanya nguvu ukomae."

Kipimo cha pili kilisoma thelathini na sita nukta saba. Kijana aliandika namba hiyo kwenye daftari, na ya simu ya Eliane kwenye kiganja chake.

Jina lake lilikuwa Phinées Mumbere. Wiki ya tatu ya kuzungumza kwa simu alimweleza kuhusu dada yake Elsa, aliyeingia sokoni Jumamosi kununua samaki, na kabla mwezi haujaisha akazikwa na watu waliovaa nguo nyeupe, ndugu wakitazama kutoka mbali. Ndiyo sababu aliichukua kazi ile. Eliane alimpenda zaidi kwa habari hiyo kuliko kwa meno yake mazuri, na meno yalikuwa mazuri kweli.

Februari wajomba wa Phinées walipanda hadi Mususa, huko Butembo, nyumbani kwa kina Eliane, na mbuzi watano wa kwanza wa mahari. Mmoja, jike jeusi, alikuwa na mimba changa. Wazee wa pande zote mbili waliambiwa, wakatabasamu.

Mwezi uliofuata ukaja ugonjwa mwingine, wa mbali. Soko likafungwa. Barabara ya Beni ikafungiwa abiria. Malori ya mizigo yalipita, lakini mzigo bila soko ni takataka tu. Shu za Eliane zilianza kuwa njano, kisha nyeusi, kisha zikatoa maji yenye harufu ya choo. Alizitupa. Akaleta nyingine, akazitupa pia. Pale kwao hakuna mtu aliyekuwa amekufa kwa ugonjwa huo mpya, lakini watoto wa jirani walikuwa wanakula mara moja kwa siku.

Phinées, huko Beni, aliingizwa katika kamati ya kupambana na ugonjwa. Alianza kusikika redioni kila Jumatano, akieleza kwa nini masoko yabaki yamefungwa. Jumatano moja wasikilizaji wakaruhusiwa kupiga simu, na sauti ya mwanamke ikaingia moja kwa moja, bila salamu.

"Muheshimiwa, weye umekula leo?"

Phinées aliijua sauti hiyo. Akasema ndiyo, alikula.

"Muzuri. Sasa uambie batu ni wapi balikuuzia ile chakula, na sisi tuende tukule."

Mji mzima ulicheka. Jioni Phinées alimpigia Eliane, akamwita chouchou, kipenzi, mwenye kichwa kigumu. Eliane akamwambia kamati imemfundisha Kifaransa kirefu cha kusema "mukufe polepole". Waligombana saa nzima, wakapatana, wakagombana tena. Hapakuwa na ubaya. Wenye kupendana hubishana.

Ubaya ulianza Mei, uani kwa Mama Joyeuse, mkubwa wa akina mama wauza shu katika soko la Kimemi. Wanawake thelathini na sita waliamua kubeba mboga zilizooza na kuzimwaga mlangoni pa mairie, ofisi ya meya. Hawangepita barabara kuu, penye polisi. Wangepita njia ya nyuma, kando ya kijito. Kila mmoja aliweka mkono juu ya kikapu cha Mama Joyeuse akaapa kwamba njia hiyo hataitaja nje, hata kwa bwana yake.

Jioni hiyo Phinées alipiga. Alikuwa amesikia kwamba mama wa Butembo wataandamana. Alikuwa na hofu. Aliuliza kama Eliane atapigwa risasi. Eliane akamhurumia.

"Usiogope, mupenzi. Polisi hatutakutana nabo. Tutapita kando ya kijito."

Alisema ili moyo wa mtu utulie. Basi.

Asubuhi polisi walikuwa wamekwisha fika kijitoni. Moshi wa kutoa machozi ulirushwa kabla kikapu cha kwanza hakijashuka mteremko. Wanawake walikimbia, wakateleza juu ya shu zao wenyewe, na Mama Joyeuse akaanguka chini ya wenzake. Mkono wake ulivunjika mahali pawili.

Siku ya pili walikutana kutafuta aliyesema. Jibu lilikuwa karibu: Bénite, muuza poireau, ndugu yake ni polisi. Bénite aliapa kwa jina la watoto wake. Mama Joyeuse akasema anayetaka Bénite aondoke kati yao ainue mkono. Mkono wa kwanza ulikuwa wa Eliane.

Alimpigia Phinées akilia, akimlaani Bénite na ukoo wake wote.

"Haiko Bénite," alisema Phinées. "Ni mie."

"Weye nini?"

"Nilimuambia chef, mukubwa wa kamati. Aliniapia kama batafunga tu njia, hakuna mutu atapigwa. Nilitaka ubakie nyumbani, Eliane. Elsa alienda sokoni kama weye."

"Nilikuambia weye," alisema Eliane. "Sikuambia serikali."

Akakata. Kwa wiki nyingi simu iliita ndani ya kikapu, na yeye akaiangalia kama mtu anavyoangalia mvua. Hakula vizuri. Hasira juu ya Phinées ilikuwepo asubuhi na jioni. Lakini mchana, alipopita mbele ya nyumba ya Bénite na kuona majani ya poireau yakikauka mlangoni bila mnunuzi, ilikuja nyingine iliyomhusu yeye mwenyewe. Hiyo hakuwa na mtu wa kumpigia simu kuieleza. Juni yule mbuzi mweusi alizaa, katoto kenye miguu myeupe kama soksi. Mama yake Eliane akafurahi, akasema ni dalili njema. Eliane akaenda kuchota maji.

Agosti, soko na barabara vikiwa vimefunguliwa, Phinées alipanda Butembo. Alivaa shati jeupe lililopigwa pasi na viatu vilivyomfaa mguu. Aliomba msamaha mbele ya Eliane peke yake, uani, na machozi yake yalikuwa ya kweli. Akasema mbuzi waliobaki wako tayari. Akataka ndoa Desemba.

Eliane alimtazama mikono. Aliipenda bado, na hilo lilimuudhi.

"Na Bénite?" aliuliza.

"Hakuna mwenye kujua, ni sisi wawili tu. Tuiache, chouchou. Bénite atazoea."

Alisema polepole, kwa upendo, kama anayemfunika mtu blanketi. Eliane akaona nyumba yao nzima: vitanda, sahani, watoto, na chini ya sakafu yake Bénite.

"Kesho tuende wote sokoni," alisema. "Useme yako mbele ya bamama, niseme yangu. Tukitoka pale, nitaolewa na weye hata bila ile mbuzi ingine."

Phinées akasema sawa, wataenda.

Walifika saa tatu. Mlangoni pa soko palikuwa na ndoo ya kunawia yenye bomba, na Phinées, mtu wa kazi hiyo, akasimama kunawa. Eliane alisubiri. Alinawa hadi viwiko. Akasuuza. Akachukua sabuni tena. Ndani Mama Joyeuse alikuwa ameshawaona, mkono wake ungali umefungwa kwenye kitambaa shingoni. Phinées akafungua bomba mara ya tatu, macho yake ndani ya maji, na Eliane akaelewa kwamba mikono ile haitakauka leo.

Akaingia peke yake.

Alisema yote akiwa amesimama, kwa sauti ya kawaida, na mama wa shu waliacha kupanga mboga.

"Siku ya Bénite," aliuliza Mama Joyeuse, "uliinua mukono?"

"Niliinua."

"Wa ngapi?"

"Wa kwanza."

Mama Joyeuse hakumtukana. Alimtuma mtu akamwite Bénite, na Eliane akaonyeshwa mahali pake papya: mwisho kabisa, karibu na lundo la takataka, pasipofika mnunuzi ila aliyepotea. Bénite alikuja, akapita mbele yake na kikapu kichwani.

"Miezi tatu, Eliane," alisema, akaendelea kwenda.

Penye ndoo hapakuwa na mtu. Phinées alipiga saa sita, akiwa kwenye gari la kurudi Beni.

"Niliogopa," alisema.

"Hata mie niliogopa," alijibu Eliane. "Lakini niliingia."

Nyumbani, Eliane aliposema ndoa imevunjika, baba yake mdogo Melchior alishikilia kwamba mbuzi wanaporudishwa, aliyezaliwa hapa anabaki hapa. Mama yake naye alilia. Eliane aliwasikiliza wote, kisha akafunga kamba shingoni mwa wote sita, mdogo akiwemo. Hakutaka kuamka kila siku aone soksi zile nyeupe.

Alhamisi akawapandisha kwenye lori la shu zake mwenyewe, lililokuwa likiteremka Beni. Dereva alilalamika kwamba walikuwa wameshaanza kuzila, akauliza kama aweke turubai katikati.

"Baache bakule," alisema Eliane, akakaza kamba. "Zenye zilioza bure zilikuwa mingi kupita hizi."