Simu Iliyosema Yenyewe

Asubuhi za likizo huko Muhuru Bay, Nyangi alikuwa na kazi mbili: kumsaidia mama kutandaza omena, dagaa wa ziwani, juu ya nyavu wakauke, kisha kuwafukuza kunguru. Siku hiyo alijipa kazi ya tatu. Mama alipoenda kuteka maji, Nyangi aliichukua simu yake, ingawa alikuwa amekatazwa, akajipiga picha huku ameibana kwa nguvu pande zote mbili.

"Kamera," sauti ya mwanamke ikasema ghafla.

Nyangi almanusura aitupe kwenye omena! Aligusa skrini. Simu ilitaja jina la kila alichokigusa lakini haikufungua chochote. Alitelezesha kidole juu, akatelezesha chini, wapi! Basi akairudisha chini ya leso ya mama, akaenda zake kwa kunguru.

"Nani ameshika simu yangu?" mama aliuliza aliporudi.

"Sijui, Mama."

Kufikia saa nne walikuwa kwa fundi wa simu sokoni. Fundi aliigeuza simu mara tatu, akatikisa kichwa. "Mama Nyangi, hii itabidi nifute kila kitu nianze upya."

Mama alishtuka. "Na sauti ya mama yangu, je?" Kabla ya kufariki, nyanya alikuwa amewarekodia wajukuu wake hadithi nne katika simu hiyo, na hazikuwa mahali pengine popote. Fundi alisema hana njia nyingine. Mama akainama, akafuta macho kwa ncha ya leso.

Nyangi alimtazama mama. Aliogopa, lakini alimpenda nyanya kuliko alivyoogopa kuadhibiwa.

"Usifute! Mama, ni mimi! Nilikuwa najipiga picha, nikabana vitufe vya sauti vyote viwili. Hapo ndipo ilipoanza kutaja kila kitu ninachogusa!"

"Vyote viwili?" aliuliza mtu mlangoni. Alikuwa Mwalimu Barnabas, asiyeona, ndio kwanza anafika na fimbo yake nyeupe. "Leteni hapa! Hiyo haijaharibika hata kidogo. Umewasha kisoma skrini. Hata yangu inacho, ndicho kinachonisomea. Nyangi, lete kidole. Gusa mara moja, inakutajia. Gonga mara mbili haraka, inafungua. Ukitaka kusogeza ukurasa, tumia vidole viwili pamoja."

Nyangi aliweka vidole viwili, akasogeza. Ukurasa ukatii! Akagusa. "Rekodi," simu ikasema. Akagonga mara mbili, ta-ta!

"Wajukuu wangu, sogeeni karibu," sauti ya nyanya ikajaa kibandani.

Nyangi aliruka kwa furaha. Mama alicheka huku machozi yakimtiririka. Hata fundi aliomba aonyeshwe tena, polepole.

"Kuizima ni vilevile," alisema Mwalimu. "Bana vitufe vyote viwili, hesabu hadi tatu."

"Ngoja kwanza, Mwalimu," mama akasema. "Tusikilize hadithi mpaka mwisho."

Walisikiliza mpaka mwisho, na mama akamsimulia Mwalimu yaliyotokea tangu asubuhi. Kisha Mwalimu akamshika Nyangi begani. "Kosa la vidole lilikuwa dogo, na vidole vimelirekebisha. Lakini ungeendelea kusema hujui, leo tungempoteza nyanya mara ya pili. Ukikosea, mwanangu, sema mapema. Simu hii imesema tangu asubuhi. Aliyenyamaza ni wewe."