Punje Zilizoelea

Kila akitoka shule, Chiriku hupitia dukani kwa shangazi yake, muuza viungo, akachambua pilipili manga huku akipiga soga. Kusema kwake kama ndege chiriku ndiko kulikompa jina hilo.

Siku moja shangazi alikuwa uani. Kichwa cha Chiriku kilijaa somo la historia: mabaharia waliovuka bahari wasizozijua, wengine wakafa kwa njaa na maradhi, wakitafuta dhahabu na punje hizihizi nyeusi. Akajifanya nahodha, akainua kopo la pilipili juu na kuyumba nalo mlangoni. Kopo likamponyoka. Nusu ya pilipili ikaishia mtaroni.

Mpishi wa hoteli alikuwa njiani kuja kuzichukua, na bila mpishi huyo shangazi angebaki kufukuza nzi. Rafuni kulikuwa na mbegu kavu za papai za kupanda, zinazofanana na pilipili manga kama pacha. Akazimimina koponi, akakoroga.

Mpishi akaingia, shangazi naye akarudi kutoka uani. "Mama, siku hizi wanatuchanganyia takataka."

"Kwangu?" Shangazi akacheka. "Tutazitia majini mbele yako, kama siku zote. Pilipili nzima huzama, takataka huelea. Chiriku, lete bilauri ya maji!"

Chiriku alikuwa ameyasahau maji! Akaileta bilauri.

"Mbona leo umemeza ulimi?" Shangazi akachota punje.

"Shangazi, usitie!" Machozi yakamtoka. "Nilikuwa najifanya nahodha, nikamwaga zako mtaroni, nikachanganya mbegu za papai."

Shangazi akatia hata hivyo. Mbegu zikaelea tele. Uso wa shangazi ukashuka kwa aibu.

Mpishi akachukua kikapu chake. "Kwa kuwa amesema kabla ya maji kusema, nitarudi kesho kutwa. Nitapima mwenyewe."

Jioni ile walimimina kopo lote kwenye beseni la maji, Chiriku akaengua mbegu zote zilizoelea. Kesho yake, siku ya mapumziko, alishinda akizilinda pilipili juani huku wenzake wakicheza.

Mpishi aliporudi, alitia konzi nzima majini. Punje zote zikazama.

"Nifungie," mpishi akasema.

Alipoondoka, shangazi alimketisha Chiriku. "Mwanangu, ukimwaga, sema nimemwaga. Pilipili nitanunua nyingine. Mpishi akiacha kuniamini, nitanunua wapi imani yake? Kosa lako la kwanza lilikuwa bahati mbaya. La pili ulilichagua mwenyewe."

"Nisamehe, shangazi."

"Nimeshakusamehe. Haya, nahodha wako alifika au hakufika?"