Aliyekaa Kati ya Spika Mbili

Mzee alimuuliza binti yake ni nani aliyekohoa. Hakuna aliyekohoa. Binti alikuwa akikunja mashuka, mgongo unamuuma. Mwaka mzima sasa alikuwa akimlisha baba yake, akimwogesha na kumgeuza ubavu hadi ubavu, maana kiharusi kilikuwa kimemlaza na macho yalishazima zamani.

Raha iliyombakia mzee ni kanda ya bendi aliyoipigia gitaa ujanani. Amplifaya yao kuukuu ilivuruga kila kitu, upande mmoja ukilia, mwingine ukikoroma. Fundi akawaletea nyingine, nzuri, isiyovujisha sauti za upande huu kwenda ule, na mzee akatokwa machozi. Masikioni mwake kila mwanabendi alirudi mahali pake: mwimbaji katikati ya spika mbili, tarumbeta kulia, ngoma nyuma kabisa, kana kwamba ukuta haupo.

"Ila mbele ya mwimbaji kuna mtu," alisema. "Pale hatukuwa na mtu."

Binti alitega sikio. Kweli, pumzi. Kwa kila wimbo ilisogea, ikavuka spika, ikatua kando ya kitanda, na harufu ya nywele zilizoungua ikajaa chumbani. Aliitwa fundi; akasikiliza, akasema chombo ni kizima, kinamweka kila mmoja pale alipo, akaondoka chai yake haijapoa. Akaja mganga, akafukiza, akakemea, akaamuru amplifaya itolewe nje. Ikatolewa.

Alasiri ile mzee akanong'ona, "Bado yupo hapa."

Binti hakuwa na nguvu hata za kuogopa, na pumzi ile ilipozidi kupanda na kushuka katika chumba kisicho na muziki, taratibu, karibu na shingo yake, kama ya mtu anayesubiri apewe kazi, mdomo wake ulisema wenyewe kabla moyo haujauzuia:

"Kama haondoki, basi akuuguze yeye. Mimi nimechoka, baba."

Akajilaza sakafuni, akalala kama gogo.

Alipoamka, jua la siku ya pili lilikuwa limeshapanda. Mzee alikuwa amegeuzwa ubavu. Shuka lilikuwa jingine, limechomekwa vizuri pembeni. Midomo yake ilikuwa na unyevu wa maji. Alikuwa nadhifu kuliko siku zote, na alikuwa akitetemeka.

"Mwanangu," akasema kwa sauti ya chini, "mlipatana naye malipo gani?"