Kayamba na Kijitu

Jumatatu asubuhi Mapenzi aliruka kizingiti. Baba yake, Thoya, alimwona akacheka. Kisha binti akaruka tena katikati ya ua, mahali palipofagiwa na pasipokuwa na kitu, akatembea hatua tatu, akaruka tena. Alikuwa na ndoo ya maji kichwani na hata tone halikumwagika. Hapo Thoya akaacha kucheka.

Tuseme ukweli, mwaka ule wa 1984 nusu ya Malindi ilikuwa inaruka. Mtalii mmoja alimwachia Mueni, Mkamba aliyefanya usafi katika hoteli ya ufuoni, gemu ndogo ya betri inayoenea kiganjani. Ndani ya kioo chake kijitu cheusi kilikimbia kikiruka magogo, na kila kiliporuka gemu ililia ti-ti-ta. Ukianguka mara tatu, umekufa. Basi wazimu ukauingia mji. Mafundi cherehani walidarizi kijitu kwenye mifuko ya mashati, wasusi wakatoa msuko wa kijitu, na wachezaji wa mpira wakifunga bao walikimbia wakiruka magogo yasiyokuwapo. Watu wazima, na ndevu zao.

Thoya naye hakutaka kupitwa. Yeye ndiye aliyempigia kayamba Hawe Kadzo, bibi mganga wa Kakuyuni, alipopunga pepo, kwa kuwa kila pepo ana wimbo wake, na hatoki mpaka apigiwe wimbo huo hadi mwisho. Kayamba ile ya matete na mbegu ilikuwa ya uganga, haichezewi. Lakini Jumamosi iliyotangulia, kwenye harusi ya jirani yake Nzai, kayamba ya ngoma ilipasuka na watu wakawa wanadai wimbo wa kijitu. Thoya akaenda kuichukua ya uganga. Alipiga ti-ti-ta mpaka bibi harusi akavua viatu, na sifa zikamlevya kuliko mnazi.

Jumanne Mapenzi alianguka. Alipoinuliwa chumba kilinuka waya ulioungua, na nyumba ile haijawahi kuwa na umeme. Jumatano akaanguka tena, na safari hii pumzi ilichelewa sana kurudi.

Hawe Kadzo alimketisha mkekani, akamfukizia ubani, akauliza kwa sauti ya chini, "U nani wewe?"

Midomo ya Mapenzi ikafunguka. Sauti iliyotoka ilikuwa nyembamba, ya kukatikakatika. "Aliyeniita hakunipa jina."

"Nani kakuita?"

Kidole cha binti kikamwelekea baba yake.

Mganga aliitazama kayamba. "Umeipiga wapi, Thoya?"

"Harusini, Hawe. Nisamehe."

"Mimi sina cha kusamehe. Umeita ovyo, na pepo asiye na kwao kaitika. Wimbo wake unaishaje?"

"Sijui. Hakuna aliyewahi kufika mwisho. Wote hufa njiani."

"Basi atafutwe wa kufika. Mwanao akianguka mara ya tatu, haamki."

Mueni aliletwa alasiri ile ile, bado amevaa sare ya hoteli. "Nimewahi kufika mia saba tu," alinong'ona. "Kioo kinahesabu mpaka mia tisa tisini na tisa. Baada ya hapo sijui kuna nini."

"Cheza, dada yangu," Thoya alimwambia. "Sina mwingine ila huyu."

Mueni akacheza. Thoya akamfuata kwa kayamba, na Mapenzi akasimama akaanza kuruka, kwanza polepole, kisha mbio, kila mia ikizidi mwendo wa ile iliyotangulia, harufu ya waya ikipanda mpaka ikawakaba koo, na ilipopita mia saba nyayo za binti zilikuwa zimeacha alama nyekundu mkekani, lakini Thoya hakuthubutu kupunguza, damu ikamtoka viganjani, mia nane, mia tisa, macho ya mwanawe yamegeuka meupe na mdomo wake unalia ti-ti-ta pamoja na gemu, hadi ikaja mia tisa tisini na tisa, na kijitu kikaruka mara moja zaidi.

Gemu ikanyamaza.

Mapenzi akaketi taratibu. Harufu ikaondoka, uso wake ukarudi kuwa uso wake, na Thoya akalia mbele ya wanawake wale bila kuona haya.

"Hawe, wimbo umekwisha?"

Hawe Kadzo alikuwa anamtazama Mueni, na Mueni anakitazama kioo.

"Imerudi sufuri," Mueni alisema. "Haina mwisho. Inaanza upya."

Kiganjani mwake kijitu kikaruka gogo la kwanza, polepole. Mueni akazichomoa betri kwa ukucha, akaziweka mkekani. Kijitu kikaendelea kukimbia.

Mapenzi akafumbua macho. Safari hii sauti ilikuwa yake mwenyewe, ile aliyoitumia kuomba ruhusa ya kwenda ngomani.

"Baba, piga. Usiponipigia nitaanguka."

Thoya, mtu wa miaka arobaini na mitatu, akaishika kayamba kwa viganja vilivyochubuka, akaanza tangu mwanzo.